Mashua, Matete na Ukungu: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Filamu ya Murnau

Katika toleo lililopita niliandika aya chache kuhusu Sunrise: A Song of Two Humans, filamu ya Marekani ya mwaka 1927 iliyoongozwa na F. W. Murnau, ambayo jina lake tunaweza kulifasiri kuwa Macheo: Wimbo wa Wanadamu Wawili. Sikutegemea kwamba filamu bubu, isiyo na rangi, yenye umri wa karibu karne nzima, ingewafanya wasomaji wa Mtwara na Lindi waandike barua nyingi kiasi hiki, na nimefurahi sana. Nimechagua tano. Kwa ajili ya wale ambao hawakuitazama, kisa ni hiki: mkulima anayeishi kando ya ziwa ametekwa na mwanamke aliyekuja kijijini kutoka mjini kwa mapumziko. Mwanamke huyo anamshawishi amzamishe mkewe, auze shamba na amfuate mjini. Mkulima anampakia mkewe kwenye mashua, anashindwa kutenda alilokusudia, na mke anakimbilia mjini huku mume akimfuata. Huko wanapatana upya, na usiku wakirudi nyumbani dhoruba inawapiga katikati ya ziwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, niliitazama filamu uliyoieleza kwenye simu ya mwanangu, nikairudia mara mbili. Mimi nimezoea sinema za bandani, ambako mfasiri anatueleza kila kitu kwa Kiswahili, hata yale ambayo mchezaji hakuyasema. Hii haina mfasiri, ina maandishi machache tu ambayo siwezi kuyasoma, na bado nilielewa, na moyo ulinienda mbio pale kwenye mashua. Mwongozaji alifanya nini hasa? Na jambo jingine: yule bwana anasafiri akiwa ameupa mgongo upande anaokwenda, ilhali sisi hapa tunapiga kafi tukitazama mbele. Je, hilo lilikuwa kosa? – Mvuvi, Mikindani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nitakujibu kwa kirefu kuliko wengine wote, kwa sababu mambo mengine yote katika filamu hii yanatokana na hilo uliloliuliza.

Murnau alizaliwa Ujerumani mwaka 1888, akasomea fasihi na historia ya sanaa kabla ya kuingia katika tamthilia na kisha katika sinema. Alikomaa miongoni mwa wasanii Wajerumani walioamini kwamba hali iliyomo ndani ya mtu inaweza kutolewa nje na kuonekana kwa macho, hata kama kwa kufanya hivyo italazimu kuupinda ukuta, kuurefusha kivuli au kuubadilisha mwendo wa mwili. Sisi wa huku tuna njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Mchongaji wa Kimakonde anapochukua gogo la mpingo na kuchonga shetani, hachongi kiumbe aliyemwona sokoni; anarefusha shingo, anapindisha kiungo, anaweka jicho mahali pasipo jicho, na mtazamaji anatambua mara moja hofu au tamaa au uchungu ambao sura ya kawaida ingeuficha. Murnau alifuata njia hiyo hiyo, ila mpingo wake ulikuwa mwanga, maji, ukungu na miili ya wachezaji.

Tuanze na mwili wa mume, aliyechezwa na George O'Brien. O'Brien alikuwa kijana mwenye kifua kipana na misuli ya mwanamichezo, na kama angeachwa atembee anavyojua angetembea kwa wepesi. Murnau alimvisha viatu vilivyotiwa madini ya risasi ili kila hatua iwe nzito, akamtaka ainamishe mabega, na mara nyingi akaiweka kamera nyuma yake, hata tukawa tunatazama mgongo kwa muda mrefu kuliko uso. Ndiyo maana ulijua, bila mfasiri, kwamba mtu yule amebeba mzigo asioweza kuutua. Utakumbuka kwamba baadaye, mjini, baada ya kupatana na mkewe, mgongo ule ule unanyooka, hatua zinakuwa nyepesi, na anaonekana kama amepungua umri. Hakuna kibao chochote cha maandishi kinachotangaza kwamba mzigo umetuliwa. Tunauona mgongo wake, nasi tunajua.

Kisha kuna ule mwendo wa kinamasini, ambao kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa yaliyowahi kufanywa kwa kamera. Ni usiku, mwezi umening'inia chini, ukungu umetanda. Mume ameondoka nyumbani kwa kunyata na anakwenda kuonana na mwanamke wa mjini. Kamera inamfuata kutoka nyuma, inapita naye chini ya matawi, inageuka naye, inamsubiri avuke uzio. Halafu ghafla inamwacha, inashika njia yake yenyewe, inapenya katikati ya majani na kumkuta mwanamke akisubiri chini ya mwezi. Sisi watazamaji tumefika kabla ya mume. Tulikuwa tukimtazama mtu anayevutwa, na mara tukajikuta sisi wenyewe ndio tunaovutwa, bila kuamua, kwa haraka kuliko miguu yake mizito. Kamera ya wakati ule lilikuwa sanduku zito, na kinamasi kile kilijengwa ndani ya studio. Ili iweze kuelea namna ile, waliining'iniza kwenye reli zilizofungwa juu. Mwongozaji mwingine angeweza kukata picha mara tatu au nne na kisa kikaeleweka vilevile, lakini tungeelewa kwa akili tu, na hatungehisi mvuto.

Hata maandishi machache yaliyopo, ambayo unasema huwezi kuyasoma, yanafanya kazi kama picha. Pale mwanamke anapouliza kama mke hawezi kuzama majini, herufi za swali hilo zinayeyuka na kuteremka chini ya skrini kana kwamba nazo zinazama. Nina hakika uliliona hilo, nawe ukaelewa. Asubuhi inayofuata, mume akiwa nyumbani, kivuli cha mwanamke wa mjini kinajitokeza na kumkumbatia kutoka nyuma, picha juu ya picha, mwili wake ukipenyeka kama moshi. Mfasiri wa bandani angelazimika kusema, "Anamkumbuka yule mwanamke." Murnau anatuonyesha kumbukumbu yenyewe ikimshika mtu mabega.

Sasa nije kwenye makasia, kwa sababu uliona jambo ambalo wengi hawalioni. Halikuwa kosa. Mashua ya aina ile huendeshwa kwa makasia mawili yanayovutwa, wala si kwa kafi, na mvutaji hukaa akitazama nyuma. Lakini tazama Murnau alivyoutumia ukweli huo wa kawaida. Mke amekaa nyuma ya mashua. Mume, kila anapovuta kasia, anauelekea uso wa mkewe na kuupa mgongo mwelekeo wa safari. Hana pa kuyapeleka macho. Mtu aliyekusudia kuua amepangiwa na chombo chenyewe akae ana kwa ana na anayekusudia kumuua, pigo baada ya pigo, naye anajibu kwa kuinamisha kichwa. Mke kwanza anatabasamu, kisha tabasamu linapungua, kisha anaanza kuyatazama maji pande zote. Katika ngalawa zetu, ambamo aliye nyuma anautazama mgongo wa aliye mbele, tukio hili lisingewezekana kuchezwa namna hiyo.

Hata mbwa amewekwa kwa makusudi. Mbwa wa nyumbani anabweka, anakata mnyororo, anaruka majini na kuifuata mashua mpaka mume analazimika kumrudisha ufukoni. Waongozaji wengi wangelikata tukio hilo kwa kuona linachelewesha kisa. Murnau analiacha liende lote, mpaka kumfunga mbwa na kurudi, kwa sababu ule ucheleweshaji ndio unaotutia hofu: mke amepewa nafasi ya kushuka, ananyanyuka nusu, halafu anakaa tena kwa kumwamini mumewe.

Neno moja juu ya sauti. Filamu hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 23 Septemba 1927, wiki mbili kabla ya The Jazz Singer, filamu iliyowafanya watu waamini kwamba sinema sasa imeanza kusema. Sunrise haina mazungumzo, lakini ilikuwa na ukanda wa sauti uliorekodiwa pamoja na picha, kwa mfumo ulioitwa Movietone, ukiwa na muziki, kengele na honi za magari. Baada ya dhoruba, mume anapomwita mkewe juu ya maji meusi, hatusikii sauti yake. Tunasikia baragumu, yaani ile ala ya shaba ya kupuliza, ikilia mahali pa jina. Mashua za wanakijiji zinatawanyika ziwani na taa zao, na mtu wa Mikindani aliyewahi kuziona karabai za wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi anajua jinsi taa nyingi zinavyoweza kulifanya giza lionekane kubwa zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu hii na wao wakasema mji ule ni wa uongo: majengo yamekaa upande, watu wa nyuma wanaonekana wadogo kupita kiasi, na mwezi ni kama taa. Kama mwongozaji alikuwa stadi, kwa nini asiende kupiga picha katika mji wa kweli? – Mwalimu, Newala

JIBU: Mwalimu, wape wanafunzi wako pongezi, kwa sababu wameona sawasawa. Mji ule ulijengwa wote na kampuni ya Fox huko California, chini ya msanifu wa mandhari Rochus Gliese, ambaye Murnau alikuja naye kutoka Ujerumani. Sakafu zilijengwa zikipanda kidogo kuelekea nyuma, dari zikashuka, taa za mbele zikawa kubwa na za nyuma ndogo, na katika baadhi ya picha watu wafupi waliwekwa nyuma ili umbali uonekane mrefu kuliko ulivyokuwa. Ni hila ile ile ambayo macho hujifanyia yenyewe barabarani, pale safu mbili za mikorosho zinapoonekana kukutana kwa mbali, ila hapa ilitengenezwa kwa mbao na plasta ili uwanja wa studio uwe mji usio na mwisho.

Kwa nini asiende New York? Kwa sababu mji wa kweli una mambo yake mengi ambayo hayahusiani na watu hawa wawili. Murnau alitaka mji kama unavyoonekana kwa mtu aliyetoka shambani akiwa na moyo uliovunjika: mrefu mno, wenye vioo vingi mno, wenye taa zisizokwisha, usiomtazama mtu. Ninyi mnaoishi juu ya Uwanda wa Makonde mnajua ukungu wa asubuhi unavyoweza kuufanya mwembe wa jirani uonekane uko mbali na sauti ya mtu wa mbali ionekane iko mlangoni. Mti haujabadilika, kilichobadilika ni namna tunavyoufikia. Ukungu wa Murnau unafanya kazi hiyo kijijini, na majengo yake yaliyoinama yanafanya kazi hiyo hiyo mjini.

Lakini hakudanganya kila mahali. Kijiji kilijengwa kando ya ziwa la kweli, Lake Arrowhead, katika milima ya California, na reli ya tramu, yaani gari la abiria linalopita juu ya reli mitaani, ilitandikwa kweli ili gari liweze kupita. Naomba urudie pamoja na wanafunzi safari hiyo ya tramu. Mke amepanda kwa kukimbia, mume amedandia nyuma yake. Wamesimama ndani, upande wa mbele wa gari, hawasemi, hawatazamani. Nyuma yao, katika madirisha, ziwa linapita, miti inapita, kisha viwanda, kisha mitaa, kisha msongamano wa magari. Dunia nzima inabadilika nyuma ya watu wawili ambao hawaioni. Mwalimu wa fasihi anaweza kukitumia kipindi kizima kwa dakika hizo chache na asizimalize.

SWALI: Dada mwandishi, shikamoo. Mimi filamu hii imeniudhi. Mwanamume anapanga kumuua mkewe asubuhi, na kabla ya jioni mke anacheka naye kwenye viwanja vya starehe! Na yule mwanamke wa mjini amefanywa shetani mtupu, mwenye nguo nyeusi na sigara, kana kwamba mume alikuwa mtoto asiye na akili yake. Hata majina hawakupewa. Je, unaweza kuusifu usanii ulio juu ya msingi kama huu? – Mama wa watoto watatu, Kilwa Kivinje

JIBU: Marahaba, mama. Sitakupinga katika kila jambo, na mengine nitayakubali moja kwa moja.

Ni kweli kwamba mwanamke wa mjini, aliyechezwa na Margaret Livingston, hakupewa chochote zaidi ya nguo nyeusi, nywele fupi na uchu. Hatujui alikotoka wala anachokikosa huko mjini kwake. Karibu na mwisho, mume anapodhani mkewe amekufa, anamkaba koo mwanamke huyo, na filamu inaliacha tukio hilo lipite kana kwamba ni hasira ya haki. Hapo ninasimama pamoja nawe. Mume alinyanyua mkono wake mwenyewe kwenye mashua, na kumtupia mwanamke mwingine lawama nzima ni udhaifu wa hadithi. Mke naye, aliyechezwa na Janet Gaynor, amevishwa nywele za bandia za rangi nyepesi zilizobanwa kichwani kama za mtawa, ili weupe wake upingane na weusi wa yule mwingine. Kama picha, ni nzuri. Kama maelezo ya mwanamke, ni haba, na ni Gaynor mwenyewe, kwa macho yake tu, anayemrudishia mke uhai.

Kuhusu majina, hapo nitamtetea Murnau kwa moyo wote. Bibi zetu walipoanza ngano kwa kusema hapo kale palikuwa na mtu na mkewe, hakuna mtoto aliyeuliza mtu huyo anaitwa nani au anatoka kata gani. Maandishi ya mwanzo ya filamu yanasema wimbo huu ni wa mahali popote na wakati wowote, na wahusika wameandikwa tu kuwa Mwanamume, Mke na Mwanamke wa Mjini. Msomaji mmoja wa Masasi alinieleza kwamba pale filamu inapoonyesha wakopeshaji wakilimaliza shamba la mtu aliyezama katika mapenzi, yeye alifikiria kangomba, na mkulima wa kwao aliyeuza korosho zikiwa bado mtini. Jina la Kizungu lingemzuia asifike huko.

Sasa msamaha. Naomba uitazame tena sehemu ya mjini, na safari hii uhesabu muda. Mke hapatani na mumewe kwenye mashua, wala kwenye tramu. Katika mkahawa, mume anamsogezea sahani ya keki. Anachukua kipande, anashindwa kula, analia. Anamnunulia maua, bado analia. Murnau anatuachia dakika hizo zote za kushindwa. Kisha wanaingia kanisani, ambako watu wengine wanafunga ndoa, na mchungaji anamuuliza bwana harusi kama atamlinda mkewe. Ni mume ndiye anayevunjika, anaweka kichwa mapajani mwa mkewe na kulia kama mtoto. Mwongozaji hakumtaka mke abadilike, kwa sababu yeye hakuwa na la kubadilisha. Kamera inasubiri mpaka mume ayasikie maneno ya kiapo chake kwa mara ya kwanza. Wanapotoka, kengele zinalia, na watu waliokusanyika mlangoni wakiwasubiri maharusi wa kweli wanawaona hawa wawili wakipita kana kwamba wao ndio maharusi. Wanavuka barabara wakiwa wameshikana, magari yanayeyuka, bustani inatokea mahali pa lami, wanabusiana, na mara honi zinawarudisha katikati ya msongamano waliousababisha.

Kama muda huo ni mfupi kwako, mama, siwezi kukulazimisha, kwani wewe unajua ndoa kuliko mimi. Ninachokuomba utambue ni kwamba katika filamu hii uovu haukai mjini. Mwanamke aliyeleta wazo la kuua alitoka mjini, lakini wazo lenyewe lilikubaliwa kinamasini, kijijini. Na pahali walipoponyeshwa ni mjini, kanisani, kwa kinyozi, kwa mpigapicha na kwenye viwanja vya starehe. Kama Murnau angetaka tu kutuambia kijiji ni kizuri na mji ni mbaya, asingeupa mji ule theluthi nzima ya furaha yake.

SWALI: Hivi hii ni filamu ya Marekani au ya Ujerumani? – Msomaji, Masasi

JIBU: Ni ya Marekani kwa fedha, studio na wachezaji, na ya Ujerumani kwa mizizi. William Fox, mwenye kampuni ya Fox, alimwalika Murnau baada ya kuona kazi zake, hasa ile ya mwaka 1924 kuhusu bawabu wa hoteli, ambamo kamera ilifungwa mwilini mwa mpigapicha Karl Freund na maandishi karibu yote yakaondolewa, naye Fox akampa Murnau uhuru mkubwa. Mchezo uliandikwa na Carl Mayer kutokana na hadithi ya Mjerumani Hermann Sudermann. Katika hadithi hiyo mke anaokolewa na fungu la matete linaloelea lakini mume anazama; filamu iligeuza mwisho huo, wote wawili wakapona. Wapigapicha walikuwa Charles Rosher, mzaliwa wa London, na Karl Struss, mzaliwa wa New York. Tuzo za kwanza kabisa za Akademia, zile zinazoitwa Oscar, zilipotolewa tarehe 16 Mei 1929, wawili hao walipata tuzo ya upigaji picha, Gaynor akapata ya mchezaji bora wa kike kwa filamu tatu pamoja na hii, na filamu yenyewe ikapewa tuzo ya kazi ya pekee na ya kisanaa, ambayo haikutolewa tena baada ya mwaka huo.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu watatu tunatengeneza filamu fupi kwa simu hapa Lindi. Tunapenda sana ile mipicha iliyopandana, na tunataka kujua kama kuna lolote tunaloweza kuiga kwa uwezo wetu mdogo, maana hatuna reli wala studio. – Kijana, Lindi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Picha zile zilizopandana hazikutengenezwa kwa kompyuta wala kwa sehemu kubwa hazikuunganishwa baadaye. Wapigapicha walirudisha mkanda nyuma ndani ya kamera, wakaupitisha tena mara ya pili na zaidi, huku wakiwa wameziba sehemu ambayo hawakutaka iguswe na mwanga. Kosa moja lingeharibu yote yaliyotangulia. Simu yako inaweza kupandanisha picha kwa kugusa kitufe, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu utaipandanisha hata pasipo na haja. Murnau hakufanya hivyo ila pale ambapo mtu mmoja yuko mahali pawili kwa wakati mmoja, mwili hapa na moyo kule. Kabla ya kugusa kitufe, jiulize kama mhusika wako yuko katika hali hiyo.

Kitu cha kuiga kwanza ni tramu, kwa kuwa mnayo. Pandeni kivuko cha kwenda Kitunda pamoja na mchezaji wenu asubuhi, mumweke karibu na ukingo, na msiisogeze simu hata kidogo. Acheni mji wa Lindi urudi nyuma ya bega lake mpaka upungue, maji yaongezeke, na ufuko wa ng'ambo ufike. Mpeni jambo moja la kufikiria na msimwambie lionekaneje usoni. Fanyeni safari tatu, nne, mpaka asahau kwamba anapigwa picha. Mkitaka uzito, msimwambie atembee kama mtu mwenye huzuni. Mpeni mtungi uliojaa maji aubebe kuanzia sokoni, kisha muutoe kabla ya kupiga picha, na mwili wake utaukumbuka. Ule uzito wa viatu vya O'Brien hauna gharama.

Jambo la mwisho ni la utunzaji. Mkanda asilia wa Sunrise uliteketea mwaka 1937 katika moto wa ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, pamoja na mikanda mingine mingi, kwani filamu za zama zile zilitengenezwa kwa naitreti, ambayo hushika moto kwa urahisi mno. Tunachokitazama leo kimetokana na nakala zilizokuwa zimehifadhiwa kwingine. Murnau mwenyewe hakuwapo kuyaona hayo, kwa sababu alifariki mwezi Machi 1931 baada ya ajali ya gari huko California, akiwa na miaka 42. Na filamu aliyoitengeneza mara baada ya hii, 4 Devils, haijapatikana hadi leo. Basi wekeni kazi yenu mahali pawili tofauti, wala msiiache kwenye simu moja inayokwenda baharini kila siku. Mkiikamilisha nitumieni, nami nitaitazama mara ya kwanza nikiwa nimeizima sauti.